Mnasema Baiskeli Yangu ni ya Wavivu? Njooni Pongwe



Wiki mbili zilizopita nilituma picha kwenye grupu letu la WhatsApp la vijana wa kata. Picha ya kawaida tu: mimi, kofia ngumu kichwani, nimesimama na baiskeli yangu ya umeme kando ya barabara kuu, natoka Pongwe naenda mjini. Chini nikaandika, "Mazoezi ya asubuhi."

Hazikupita dakika tano nikawa nimeshambuliwa vibaya. Mmoja akaandika, "Mazoezi gani na mota inakusukuma?" Mwingine akasema hiyo ni bodaboda iliyokonda. Wa tatu, ambaye namheshimu sana maana ndiye anayetuongoza kwenye jogging za Jumamosi, akafunga mjadala: "Dada, hiyo ni baiskeli ya wavivu. Ukitaka pumzi, shuka ukimbie."

Nilicheka. Ile ya bodaboda iliyokonda nakubali, ni kali. Ila nilipoweka simu chini nilijikuta nimeudhika, na sikuudhika kwa ajili yangu. Niliudhika kwa ajili ya mama yangu. Nitafika huko.

Kwanza nijibu hoja, maana hoja ipo. Je, baiskeli ya umeme inamjenga mtu mwili, au inamdanganya tu kwamba amefanya mazoezi? Mimi nasoma sheria, sisomi udaktari. Lakini jambo moja tunalofundishwa tangu mwaka wa kwanza ni kwamba kabla ya kubishana, mkubaliane mnabishania kitu gani. Na kwenye grupu tulikuwa tunabishana kila mtu akiwa na baiskeli yake kichwani.

Ziko za aina mbili

Aina ya kwanza unazungusha mkono kama pikipiki, inaondoka. Miguu imetulia, unaangalia mandhari. Hiyo sina utetezi nayo kwenye suala la mazoezi. Ni usafiri mzuri, haitoi moshi, haina kelele, lakini kama miguu imekaa basi na wewe umekaa. Hapo kamanda wangu wa jogging ana haki asilimia mia.

Aina ya pili ni ya kusaidia pedeli. Hii mota haifanyi kazi mpaka ukanyage. Ukikanyaga inakuongezea nguvu, ukiacha na yenyewe inaacha. Yamaha ya Japani ndiyo iliyoanza kuiuza madukani mwaka 1993. Ulaya sheria yao inasema mota isizidi wati 250, na ukifika kilomita 25 kwa saa msaada unakatika, uendelee kwa miguu yako. Japani wao wanakata kwenye kilomita 24. Kwa hiyo hata ukitaka kuwa mvivu, mwendo wa bure haupo. Kinachobadilika ni kiasi cha jasho.

Yangu ni hii ya pili, na ni mtumba wa Japani. Mjomba aliipata kwenye kontena la baiskeli, watu wameipita kwa sababu ilikuwa nzito na betri haikuwa na chaja. Ni zile za kina mama wa Japani: fremu imeshuka chini, haina bomba la juu, ina kapu mbele, ina karia nyuma na kifuniko cha cheni. Ukivaa sketi ndefu au baibui unapanda bila vituko. Uzito wake karibu kilo 28. Chaja ilipopatikana, fundi mmoja wa Ngamiani alituokoa kabla hatujaiunguza: umeme wa Japani ni volti 100, wa kwetu ni 230, kwa hiyo lazima upitie kwenye transfoma ya kushusha. Nawaandikia hili ili na wewe ukikutana nazo usije ukachomeka moja kwa moja ukalia.

Na kabla hujaniuliza gharama: betri yangu imeandikwa volti 25.2 na Ah 12. Zidisha, unapata kama wati-saa 300, yaani chini ya theluthi moja ya uniti ya umeme. Uniti moja nyumbani ni kama shilingi 350. Hata ukijumlisha unaopotea njiani kwenye transfoma na chaja, kuijaza hakufiki shilingi 200. Linganisha mwenyewe na nauli.

Ushahidi wa pande zote

Sasa tuje kwenye mwili. Watafiti wamelipima jambo hili, tena siyo mara moja.

Mwaka 2016 huko Boulder, Colorado, Marekani, walichukuliwa watu 20 wasiofanya mazoezi. Wakapewa baiskeli za umeme za kusaidia pedeli, waziendeshe angalau dakika 40, mara tatu kwa wiki, kwa mwezi mmoja tu. Mwisho wa mwezi pumzi yao ilikuwa imeongezeka na mwili ulikuwa unadhibiti sukari vizuri zaidi. Mwaka 2018 Basel, Uswisi, wakachukua watu wazima wenye uzito uliozidi, wakawagawa: wengine baiskeli ya kawaida, wengine ya umeme, wiki nne. Makundi yote mawili yaliongeza pumzi, na tofauti kati yao haikuwa ya maana.

Mwaka 2019 chuo cha Brigham Young, Utah, walipima mapigo ya moyo ya waendeshaji 33 kwenye njia za milimani. Kwenye ya umeme moyo ulipiga kwa asilimia 94 ya ulivyopiga kwenye ya kawaida. Cha kuchekesha, wengi wao waliona kama hawakufanya kazi kubwa. Moyo ulikuwa unafanya mazoezi, mwenye moyo hana habari.

Sasa upande wa pili, maana nikificha ushahidi mtanifukuza chuo. Ujerumani walifuatilia waendeshaji karibu 1,900 wa baiskeli za aina zote mbili, matokeo yakatoka mwaka 2022. Wenye baiskeli za kawaida, asilimia 35 walifikisha dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya kiasi au makali. Wenye za umeme ni asilimia 22 tu. Dakika 150 ndicho kiwango cha chini anachoshauriwa mtu mzima na Shirika la Afya Duniani. Kwa hiyo mota inapunguza kazi. Huo ni ukweli, na anayewaambia vinginevyo anawauzia baiskeli.

Lakini kuna utafiti mmoja ambao kwangu ndio unaotatua mgogoro. Mwaka 2019 watafiti walikusanya taarifa za watu zaidi ya 10,000 kwenye miji saba ya Ulaya. Waliona kwamba ukichukua wiki nzima, mwenye baiskeli ya umeme anautumia mwili karibu sawa na mwenye ya kawaida. Kwa nini, wakati kila pedeli yake ni nyepesi? Kwa sababu anakwenda mbali zaidi. Halafu wakaangalia watu walitoka kwenye usafiri gani. Aliyeacha gari akapanda ya umeme, amepata faida kubwa. Aliyeacha baiskeli ya kawaida akapanda ya umeme, amepoteza kidogo.

Hapo ndipo nilipo mimi. Kujua ina mota hakutoshi kutoa hukumu. Muulize mwenye baiskeli: hii imechukua nafasi ya nini? Kama ulikuwa unapiga pedeli kwa miguu yako kila siku kwenda kazini, endelea, huihitaji. Kama ulikuwa unakaa nyuma ya bodaboda au umebanwa kwenye daladala, basi kila pedeli unayokanyaga sasa ni nyongeza.

Yangu ilichukua nafasi ya daladala

Likizo hii nipo fildi, kwenye ofisi ya mawakili mjini. Wiki nane. Kutoka nyumbani Pongwe hadi pale ni kama kilomita 15. Mnajua mavazi yetu: shati jeupe, sketi nyeusi. Na mnajua joto la Tanga. Kwa baiskeli ya kawaida ningefika nimelowa kama nimetoka kuvua, wakili wangu angenipa taulo badala ya faili. Kwa hiyo ukweli ni kwamba bila mota nisingepanda baiskeli kabisa. Ningepanda daladala, nikae, nishuke, nikae tena ofisini, nirudi nimekaa.

Sasa natumia dakika 50 kwenda, asubuhi, mteremko mwingi na mota inasaidia, nafika mkavu kiasi cha kuheshimika. Jioni narudi. Kutoka baharini kuelekea bara barabara inapanda polepole, huoni kama ni mlima ila mapaja yanaujua. Jioni naweka msaada mdogo kabisa, maana nyumbani hakuna anayejali jasho langu. Nimekwenda hivyo siku tatu mpaka nne kwa wiki. Siku tatu ni dakika 300. Kiwango cha juu cha ushauri wa Shirika la Afya Duniani kwa mazoezi ya kiasi ni hizo hizo 300 kwa wiki. Sijalipia jimu, sijaamka saa kumi usiku, sijanunua raba mpya. Nimekwenda kazini tu.

Najuaje kama ni mazoezi kweli? Kuna kipimo cha bure ambacho madaktari wengi hukitaja: ukiwa kwenye mazoezi ya kiasi unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Jaribu. Nikiweka msaada mkubwa naimba taarabu mwanzo mwisho, kumbe siku hiyo nimetalii. Nikishusha msaada, wimbo unakatika katikati. Hapo ndipo pa kukaa.

Na nina kipimo changu kingine ambacho sikukipanga. Betri yangu ni ya zamani, haifikishi safari zote mbili kama nikiwa na haraka asubuhi. Wiki ya kwanza ilinizimikia jioni mbele kidogo ya Maweni. Kilo 28, mota imekufa, mimi peke yangu. Nilishuka mara tatu nikasukuma. Nilifika nyumbani giza limeingia, miguu inatetemeka, nikaapa kuiuza. Wiki ya saba ikazima tena, karibu mahali palepale. Nikashusha pumzi, nikakanyaga. Sikushuka hata mara moja mpaka nyumbani. Sikuenda kwa kasi, mama mmoja na ndoo yake kwenye karia alinipita na kunisalimia. Lakini nilifika. Baiskeli ni ileile na barabara ni ileile, kwa hiyo kilichobadilika hapo ni mimi.

Sitii chumvi. Kitambi hakiondoki kwa baiskeli huku unakula chapati nne usiku, na mimi kwa chapati sina ujanja. Na miguu siyo mwili mzima, mikono na mgongo navyo vinahitaji kazi yake. Ila pumzi nimeipata, na nimeipata kwenye baiskeli mnayoiita ya wavivu.

Mama

Sasa nieleze kwa nini neno "mvivu" liliniuma.

Tanga ni mji wa baiskeli, hilo hatuhitaji kufundishwa na mtu wa Ulaya. Hapa kwetu mwanamke na baibui lake juu ya baiskeli siyo habari. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Alinipeleka kliniki kwenye karia, alikwenda kufuata bidhaa hadi Muheza na kurudi. Miguu yake ilikuwa ya chuma.

Nilipokuwa darasa la sita, lori lilimpita karibu mno hapo barabara kuu. La nani hatukujua, halikusimama. Mama akakwepa, akaingia mtaroni, mkono ukavunjika. Mkono ulipona. Baiskeli ikawekwa uani, kuku wakahamia. Tangu siku hiyo mama ni abiria wa bodaboda, hata safari ya kilomita mbili.

Miaka miwili iliyopita walimpima wakamwambia sukari imepanda na presha nayo siyo nzuri. Akapewa dawa, akaambiwa atembee dakika 30 kila siku. Akarudi nyumbani anacheka kwa hasira. "Mie nitembee niende wapi, mwanangu? Mtu anatembea akiwa na pa kwenda. Tangu saa kumi alfajiri nimesimama na kikaango cha maandazi, saa hizi niende nikazunguke uwanja kama nimepotea?"

Nililifikiria sana jibu lile. Nesi alikuwa sahihi. Na mama alikuwa sahihi. Mazoezi ya kujitenga, yenye muda wake na nguo zake, ni ya mtu ambaye siku yake ina nafasi. Wengi wa mama zetu siku zao hazina nafasi. Mazoezi yao lazima yawe ndani ya safari ambayo wangeifanya hata hivyo.

Jumapili moja mwezi uliopita nikamkuta ameishika baiskeli yangu anaizunguka. "Hii ukikanyaga inafanyaje?" Nikamwambia panda. Akasema magoti hayawezi, nikamwambia jaribu. Tukaenda njia ya ndani, ya vumbi, hakuna magari. Pale pa kuondokea, ambapo magoti yake huwa yanakataa, mota ikamsukuma kidogo. Akaenda. Alikwenda mpaka nikaacha kumuona, nikaanza kuogopa. Aliporudi alikuwa anahema na amekunja uso ule wa kuzuia kicheko. Akasema, "Kumbe bado ninajua."

Siku hizi siku ambazo siendi ofisini yeye ndiye mwenye baiskeli. Anafuata unga na mafuta, anapeleka oda, anakwenda kwa shangazi. Mara tatu kwa wiki, wakati mwingine nne. Siwaambii kwamba sukari imepona. Anameza dawa zake kama alivyoelekezwa, na vipimo vinasomwa na daktari, havisomwi na mimi. Ninachoweza kushuhudia ni hiki: mwanamke aliyekuwa haendi popote bila kukaa nyuma ya mtu, sasa anakwenda kwa miguu yake na msaada kidogo. Ukimwita mvivu, tutagombana.

Mota haiwezi kumaliza kila kitu

Lakini kuna kitu kimoja mama hajakifanya, na hatakifanya. Hapiti barabara kuu.

Hapa ndipo nataka vijana wenzangu tusikilizane. Mota imemaliza tatizo la magoti, na la joto, na la kilima. Tatizo la barabara haikuliondoa. Mimi mwenyewe nikisikia lori nyuma yangu nashuka kwenye lami nasubiri lipite. Nina miaka ishirini na mbili, nina kofia ngumu, nina kioo cha pembeni, na bado nashuka. Wangapi wamewahi kuacha baiskeli Tanga hii kwa sababu ileile ya mama, halafu leo tunawahubiria kuhusu kitambi?

Mwezi Desemba 2016, Mama Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatangazwa kuwa siku ya mazoezi. Wazo zuri, nasema bila kinyongo, na hatari ilikuwepo kweli: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kwa watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta karibu mmoja kati ya wanne ana presha, na karibu asilimia 9 wana kisukari. Lakini Jumamosi ya pili ni siku 12 kwa mwaka. Siku nyingine zaidi ya 350 mwananchi yuko barabarani, na barabara ndiyo inayoamua kama atakanyaga pedeli au atakaa. Mazoezi ya kitaifa yasigeuke kuwa tisheti na picha za viongozi. Wekeni njia ya baiskeli, mtaona watu wanafanya mazoezi bila kuitwa na mtu.

Kwa hiyo nina mambo matatu, na nataka tuyabebe kama vijana.

Moja, barabara kuu kutoka mjini kupitia Kange na Maweni hadi Pongwe ipate njia ya baiskeli na waenda kwa miguu iliyotenganishwa na magari. Siyo mstari wa rangi ambao lori linaukanyaga, kitu kinachotenganisha kweli. Barabara kuu ni ya TANROADS, za ndani ni za TARURA. Tujue tunamwandikia nani, tusipige kelele hewani.

Mbili, sheria iongee. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, miaka 20 kabla ya Yamaha kuuza baiskeli yake ya kwanza ya kusaidia pedeli. Juzi trafiki mmoja alinisimamisha, mtu mstaarabu kabisa, akaizunguka baiskeli, akaniuliza, "Sasa binti, hii nikuombe leseni au nikuombe lifti?" Tulicheka wote. Lakini haki ya mtu isitegemee ucheshi wa askari aliyekuwepo siku hiyo. Kiwekwe kipengele kinachosema wazi: ya kusaidia pedeli, yenye mota ndogo, ni baiskeli. Inayokwenda kwa kuzungusha mkono, kwa mwendo wa pikipiki, iwe na masharti ya pikipiki.

Tatu, bei. Tumejenga bwawa la Nyerere la megawati 2,115, tunaambiwa umeme upo wa kutosha. Basi mnyonge naye autumie kwa usafiri wake. Majirani zetu Kenya mwaka 2023 waliziweka baiskeli za umeme kwenye VAT ya asilimia sifuri. Na sisi tuulize, tena tuulize kwa wakati wa bajeti, baiskeli inayosaidia pedeli na betri yake zinatozwa kiasi gani na kwa nini. Nimewaambia yangu ni mtumba wa bahati. Afya ya mama wa Pongwe isitegemee bahati ya mjomba kwenye kontena.

Wewe ukitaka kuanza

Kama una baiskeli ya kawaida na barabara yako inakuruhusu, panda hiyo hiyo, ndiyo bora kwa mwili. Kama unataka ya umeme, hakikisha ni ya kusaidia pedeli. Kagua betri kabla ya kutoa hela, maana betri ni sehemu kubwa ya bei, na kagua breki mara mbili, maana ni nzito. Vaa kofia ngumu. Tumia msaada mdogo kadiri unavyoweza, panda hadi mahali ambapo unaweza kuongea ila huwezi kuimba, na ukae hapo. Anza siku tatu kwa wiki. Kama una presha, sukari au tatizo la moyo, ongea na daktari kwanza.

Na wewe kamanda wangu wa jogging, sijakusahau. Jumamosi hii nakuja kwenye mbio zenu. Nikibaki nyuma mniite mvivu, sitalalamika. Ila tukimaliza, tunakwenda wote Pongwe, unapanda baiskeli yangu nikiwa nimeizima betri, kutoka Maweni mpaka kwetu, jioni, malori yakiwa yanapita. Ukifika tutakunywa chai na maandazi ya mama. Halafu utasaini karatasi, maana hiyo barua ya kuomba njia ya baiskeli nimeshaiandika, na nafasi ya kwanza ya saini nimekuachia wewe.

Mwandishi ni mwanafunzi wa sheria na mkazi wa Pongwe, Tanga.